Koti Lililovuka Barabara

Jumanne hiyo, saa tisa kasoro robo alasiri, Mama Pasi alikuwa amebakiza kupiga pasi mashuka kumi na moja ya nyumba ya wageni wakati upepo ulipogeuka. Aliujua kwa namna pazia la jikoni lilivyovutwa nje ya dirisha badala ya kupeperuka kuja ndani. Akaisimamisha pasi, akachomoa plagi ukutani, akaukunja waya na kuuweka juu ya kabati. Kisha akaizunguka nyumba kama mtu anayehesabu wanawe: akachomoa televisheni, akachomoa redio, akachomoa friji iliyopandishwa juu ya matofali manne, akaisukuma mashine ya kufulia kwa tumbo na magoti mpaka hatua mbili kutoka mahali bati lilipokuwa na tundu. Hatua mbili ndizo zilizokuwamo chumbani. Baada ya hapo ulikuwa ukuta.

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa ameketi mezani na redio ya mteja mmoja iliyopasuliwa tumbo. Mama yake Fundi alikuwa kwenye kiti cha karibu na mlango, akifumua sweta la zamani ili apate uzi.

Mvua ilipoanza kugonga bati, koti la mvua la Fundi lilijitoa kwenye msumari nyuma ya mlango, likajinyoosha mabega, likatoka. Mama mkwe aliirudisha miguu yake chini ya kiti ili kulipisha. Koti lilishika kitasa kwa mkono wa kulia, likafungua, na likaurudisha mlango taratibu upepo usije ukaubamiza.

"Limetoka," alisema mama mkwe.

"Nimeliona, mama," alisema Mama Pasi.

Fundi hakuinua kichwa. Alikuwa ameshikilia skrubu ndogo kwenye ncha ya ulimi, na mtu mwenye skrubu ulimini haongei.

Maji yakaanza kwa matone, yakawa uzi, uzi ukawa mchirizi mnene kama mkia wa ng'ombe. Mama Pasi aliweka beseni, akaweka ndoo, akaitupia mashine nailoni na kuibana kwa vibanio vya nguo. Upepo uliingia kwa tundu lilelile, ukainua nailoni upande, na mchirizi ukapata njia. Mashine ilikunywa mpaka ikatosheka. Mvua ilipokatika, koti lilirudi, likajitundika kwenye msumari wake, likaanza kuchuruzika juu ya zulia la mlangoni. Ndani lilikuwa kavu kabisa.

Lilikuwa koti zito la mpira, rangi ya kijani ya chupa, lenye kofia na vifungo sita. Alilinunua Mama Pasi mwenyewe. Alilinunua ili Fundi apande nalo juu ya paa, maana Fundi alikuwa na hoja isiyojibika: siku za jua tundu halionekani, na siku za mvua paa halipandiki. Baada ya koti kununuliwa hoja ilibaki bila nguzo, lakini hata bila nguzo ilisimama.

Dukani kwake, pale kona ya mtaa, Fundi alikuwa ameandika ukutani kwa mkono wake maneno ambayo wateja waliyasoma wakisubiri. *Ukiona wingu, chomoa. Inua kutoka sakafuni. Funika, lakini acha kipumue. Waya uning'inie chini kidogo kabla ya kuingia ukutani, ili maji yadondoke kwenye kona ya waya yasifike kwenye soketi. Kilicholowa usikiwashe. Kilete.* Hakuna aliyeyafuata maneno hayo kama mkewe, na hakuna nyumba iliyoleta dukani vitu vingi vilivyolowa kuliko nyumba ya Fundi.

Mara ya kwanza koti lilipotoka, Mama Pasi alidhani ni upepo. Mara ya pili hapakuwa na upepo, mvua ilikuwa ikishuka wima. Alisimama dirishani akaliona likitembea kandokando ya barabara, likikwepa madimbwi, likasimama kusubiri lori lipite, likavuka. Mwenye duka la vyakula alilipungia mkono. Likaingia kwenye geti la buluu.

Geti la buluu lilikuwa la mwanamke aliyefanya kazi maktaba, ambaye watu walimwita Bi Maktaba. Aliishi peke yake tangu baba yake alipofariki. Mama Pasi alimjua kama dobi anavyomjua mtu asiyemletea nguo, yaani kwa kuangalia kamba yake ya kuanikia. Bi Maktaba alijifulia mwenyewe, na Mama Pasi alikiri, kwa roho ya korosho, kwamba alikuwa anajua kufua.

Koti lilianza kurudi na harufu. Mama Pasi alikuwa akilinusa kila siku baada ya mvua, kwanza kwenye kola, halafu makwapani, kama anavyonusa nguo za wateja kabla ya kuzitenga. Karatasi za zamani. Chai. Sabuni ya limau, ile ya mche wa njano, ambayo kwake haikuwahi kuingia kwa kuwa hupausha rangi. Alitafuta harufu ya mtu akaikosa, na kuikosa kulimuumiza kuliko kama angeipata, maana harufu ya mtu ingefuliwa ikatoka.

Halafu akaona kifungo.

Kifungo cha tatu kutoka juu kilikuwa kimelegea tangu msimu uliopita. Mama Pasi alikuwa akikiona kila siku na kujiambia atakishona akipata nafasi, naye ni mtu aliyeshona vifungo vya wateja wapatao hamsini. Jumatano asubuhi alikikuta kimekaza. Kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa buluu, mishono minne, na chini yake uzi umezungushwa shingo ili kifungo kisibane. Ilikuwa kazi nzuri. Aliitazama kazi ile nzuri mpaka chai yake ikapoa.

"Koti lako linakwenda kwa yule mwanamke," alimwambia mumewe.

"Mimi nilikuwa hapa," alisema Fundi. "Si uliniona?"

"Nilikuona."

"Basi."

"Sikusema wewe. Nimesema koti."

Fundi akafikiri. Alikuwa mtu mkweli, na hilo ndilo lililomchosha mkewe. Mwongo ana kona ya kumbania. "Koti siwezi kulisemea," alisema mwishowe.

"Lisemee. Ni lako."

"Ni langu, ndiyo. Lakini sijawahi kulituma."

Akainuka, akaibeba mashine ya kufulia mgongoni mpaka uani, akaifungua nyuma. Akatoa mota. Kila skrubu aliipanga juu ya gazeti kwa mpangilio aliozitolea, akafuta kila ncha ya waya kwa pamba yenye spiriti, akapuliza, akafuta tena. Akaiweka mota juu ya benchi penye jua na kuigeuza kila baada ya saa moja, kama mgonjwa anayegeuzwa asipate vidonda. Dukani hakwenda. Siku tatu alikaa na ile mashine, akiisemesha kwa sauti ya chini ambayo Mama Pasi, akiwa kwenye pasi yake, aliisikia bila kuyapata maneno. Siku ya nne ikazunguka.

"Imepona," alisema Fundi, akamtazama mkewe kwa uso wa mtu anayesubiri kuambiwa ahsante.

Siku kama hizo Mama Pasi alimpenda mpaka akajionea huruma. Miaka kumi na tisa ya ndoa, na mapenzi ya mume wake yalikuja hivyo, baada ya maji kuingia.

"Na bati?" aliuliza.

"Kesho nitapanda."

Mama Pasi alilitia koti kwenye sanduku la chuma, akafunga kufuli, akauning'iniza ufunguo shingoni. Mvua iliyofuata ilianza saa nane. Koti liligonga kutoka ndani mara tatu, kwa adabu, halafu likanyamaza. Mama Pasi hakuwa amemaliza kufurahi wakati turubai lililofunika kamba za nguo uani lilipojifungua mafundo manne, moja baada ya jingine, likajikunja, likapita juu ya ukuta. Mashuka ya nyumba ya wageni yalilowa yote, na pale chumbani friji iliingiwa maji kwenye mgongo.

Fundi aliitengeneza friji kwa siku mbili.

Mama Pasi akalipigilia turubai misumari. Wiki ile mvua ilikuja saa kumi, na koti likiwa sandukuni na turubai likiwa limesulubiwa uani, aliingia chumbani kuchomoa taa ya mezani akakuta shuka la kitandani linajivuta kutoka chini ya godoro. Lilikuwa shuka jeupe lenye ukingo wa maua ya kijani. Alikuwa ameutarizi mwenyewe mwaka aliochumbiwa, jioni baada ya jioni, na vidole vyake vya wakati huo vilikuwa bado humo kwenye uzi. Shuka lilijikunja mara nne, kwa namna yake yeye, pembe kwa pembe, likapita mbele yake likielekea mlangoni.

Koti alikuwa amelivumilia. Turubai pia. Lakini hapo wivu ulimketisha juu ya godoro tupu.

Mama mkwe aliingia na sweta lake mkononi.

"Baba yake mumeo alikuwa na baiskeli," alisema.

"Ilikuwa ikitoka?"

"Kila Ijumaa alasiri. Mwenyewe amelala palepale, anakoroma. Mimi nasikia kengele inavuka daraja."

"Wewe ulifanyaje, mama?"

Yule mzee alivuta uzi, akauzungusha kidoleni. "Nikawa naijaza upepo. Ikitoka na gurudumu tupu ilikuwa inachelewa kurudi, na ikichelewa ndiyo ilikuwa inaniuma zaidi."

Mama Pasi aliinuka. Hakuchukua mwavuli. Alilifuata shuka kwenye mvua, akavuka barabara nyuma yake, akafika kwenye geti la buluu maji yakimchuruzika kwenye nyusi. Mlango wa nyumba ulikuwa umeegeshwa. Bi Maktaba alikuwa amesimama katikati ya sebule, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, taulo mkononi.

"Karibu, dada," alisema. "Limekutangulia kidogo tu."

Mama Pasi alipokea taulo, lakini kabla ya kujifuta aliinua macho juu. Aliangalia dari lote, kona kwa kona. Lilikuwa kavu, jeupe, halina hata alama ile ya kahawia ambayo maji huacha.

"Kwako panavuja wapi?" aliuliza.

"Hapavuji."

"Hata kidogo?"

"Baba aliezeka nyumba hii mara mbili. Halijawahi kudondoka tone."

Shuka lilikuwa limekwisha kujitandaza juu ya meza moja pembeni. Chini yake lilionekana umbo la redio kubwa ya mbao na televisheni ndogo. Lilijivuta upande mmoja, likajivuta upande wa pili, likahakikisha pembe zote zimefika chini, likatulia. Plagi zilikuwa zimechomolewa na kuwekwa juu ya mkeka mdogo. Waya wa antena ulikuwa umening'inizwa chini kidogo kabla ya kuingia ukutani.

"Hilo ni shuka la kitandani kwangu," alisema Mama Pasi.

"Najua. Nimeuona mshono. Nilikuwa nafikiria nikurudishie likiwa limepigwa pasi, halafu nikaona kukupigia pasi wewe itakuwa kama kukutukana."

Mama Pasi alitaka kukasirika akakuta yule mwanamke amesema kweli. Akaketi. Mvua ilinguruma juu ya paa zima.

"Kifungo umekishona wewe."

"Nilikishona. Sikuona kosa kushona kifungo cha koti lisilo na mtu ndani."

"Hata mimi ningekishona," alisema Mama Pasi, "kama lingekuwa linakaa nyumbani."

Bi Maktaba akatikisa kichwa kukubali. Akaleta chai katika vikombe viwili visivyofanana, na akasema, bila kuulizwa, kwa sauti ya mtu anayesoma kadi ya kitabu. Zamani, kabla hajaoa, Fundi alikuwa bado anajifunza kazi. Baba yake Bi Maktaba alikuwa mgonjwa wa kitandani na kilichombakia duniani kilikuwa redio ile. Wingu likitanda, yule kijana alikuwa anaacha alichoshika, anakuja mbio, anachomoa, anafunika kwa shati lake mwenyewe, anakaa kwenye kiti hichohicho alichokalia Mama Pasi mpaka mvua iishe. Mwaka mzima wa mvua. Kisha akamposa.

"Baba akamwambia kwamba binti yake hatolewi kwa mtu wa kufungua maredio. Alikuwa anayasema hayo huku anasikiliza taarifa ya habari. Basi akaondoka. Ilikuwa siku ya jua kali."

"Na baadaye?"

"Baadaye hakuna. Alioa. Hajavuka geti lile tena. Akipita hapa anaangalia nguzo za umeme."

"Hata salamu?"

"Anazisalimu nguzo."

Mama Pasi alizungusha kikombe mikononi. Ndani ya kifua chake lilikuwapo neno aliloliandaa tangu siku ya kifungo, neno kali lenye meno, na sasa hakujua amng'ate nani. Mume hakuwa amefanya jambo. Mwanamke hakuwa ameomba jambo. Mvua ilikuwa inanyesha kwake na mwavuli ulikuwa huku.

"Kwangu maji yanaingia," alisema. "Unajua? Mashine yangu ya kazi imelowa mara tatu mwaka huu. Wewe kwako ni pakavu kama mfukoni, na bado unafunikwa."

"Mimi nilidhani kwenu ndiko linakoanzia," alisema Bi Maktaba. "Nilidhani likishafunika kwenu ndipo linapita huku."

"Halianzii."

"Pole."

Alisema pole hiyo kwa unyofu, ikawa mbaya zaidi. Halafu akavaa miwani, akamtazama mgeni wake usoni kwa mara ya kwanza.

"Ukitaka kujua, dada, mimi ninakuonea wivu."

"Mimi? Una nini cha kunionea?"

"Dirisha langu linaona ua wako. Nimemwona na mashine yako, siku tatu, anaigeuza juani. Nimemwona na friji. Mwaka jana ilikuwa pasi, aliishika mapajani kama kitoto. Anaongea nayo. Huwa anasemaje?"

"Sijawahi kusikia maneno."

"Vitu vyangu haviharibiki," alisema Bi Maktaba. "Redio hii ina miaka ishirini na mbili haijafunguliwa. Hana la kuijia. Mwaka juzi niliimwagia maji kusudi, jagi zima. Hapakuwa na wingu hata moja. Koti lilifika kabla ya maji."

Mvua ilikatika ghafla kama maji yanavyokatika mabombani. Shuka likajikunja. Mama Pasi alilipokea mikononi kabla halijafika mlangoni, akaaga, akavuka barabara akilibeba kifuani. Katikati ya barabara, huku gari likimpigia honi, jambo lile lilimkalia sawasawa kichwani. Yule alikuwa analindwa. Yeye alikuwa anatengenezwa. Na mtu aliyewagawia hivyo alikuwa mezani, hajui kama amegawa.

Alifungua sanduku la chuma. Koti lilitoka limekunjamana vibaya, na kwa kuwa yeye ni dobi hakuweza kuliacha hivyo. Alilinyoosha kwa kiganja, akalitundika.

"Nimetoka kwa yule mwenye geti la buluu," alimwambia Fundi.

"Hajambo?"

"Hajambo. Redio yake inafanya kazi."

Skrubu ilimdondoka Fundi ulimini. Akainama chini ya meza kuitafuta, akakaa huko muda mrefu kuliko skrubu ile ilivyohitaji. Mama Pasi aliiona ilipo, karibu na mguu wa kiti, akaiacha.

"Panda ukazibe bati," aliuambia mgongo wake.

"Kesho."

Na kesho yake, kwa kweli, alipanda. Palikuwa na jua safi. Aliweka ngazi, akapanda na nyundo, misumari na kipande cha bati kipya, na Mama Pasi akaacha kazi akasimama uani kushuhudia. Fundi alifika juu akasimama wima. Kutoka pale aliona mapaa ya mtaa mzima, na lililokuwa karibu kuliko yote, ng'ambo ya barabara, lilikuwa la nyumba yenye geti la buluu. Akalitazama safu kwa safu, msumari kwa msumari, mkono umekinga jua. Alisimama hivyo mpaka mpini wa nyundo ukapata joto. Kisha akateremka.

"Liko salama," alisema. "Halina tundu."

Mama Pasi hakumuuliza ni lipi. Alirudisha ngazi mahali pake.

Mvua kubwa ya mwisho wa msimu ilikuja siku ya Alhamisi, saa tisa na nusu. Mama Pasi alichomoa pasi, televisheni, redio na friji. Aliivuta mashine hatua mbili. Halafu, badala ya beseni, alichukua kigoda cha jikoni akakiweka chini ya tundu, akakikalia. Alitaka kujua.

"Utalowa," alisema mama mkwe.

"Ndiyo, mama."

Maji yalimwangukia utosini, yakapasuka kushoto na kulia. Yalikuwa ya baridi na yana ladha ya kutu. Nyuma ya mlango koti lilijitoa kwenye msumari, likajinyoosha, likaanza safari yake, na kwa kuwa kigoda kilikuwa njiani, lilimkuta. Likasimama mbele yake. Mkono wa kulia uliinuka kidogo. Mama Pasi aliuona ukiinuka, akauona mpaka ndani, giza la bitana na kifungo cha tatu chenye uzi wa buluu, na moyo wake uliokuwa na umri wa miaka arobaini na sita ukafanya upumbavu wa moyo wa msichana.

Koti lilikuwa linashika tu pindo lake lenyewe, lisije likamgusa. Likamzunguka kwa kulia, likaenda mlangoni.

Mlango ulikuwa umevimba kwa unyevu. Koti lilivuta kitasa mara moja, mara ya pili, mkono ukateleza. Mama mkwe alikuwa na uzi kwenye vidole vyote kumi. Fundi alikuwa ameugeuzia mlango kisogo, akilehemu waya. Basi Mama Pasi aliinuka kutoka kwenye mchirizi, akatia bega, akaufungua mlango, koti likapita. Alisimama akaliangalia mpaka lilipovuka. Kisha akarudi kwenye kigoda chake.

"Sogea hapo," alisema Fundi baada ya dakika kumi.

Hakusogea. Fundi alimtazama mara mbili zaidi, kwa wasiwasi, kama anavyotazama kifaa cha mteja kilichoachwa mahali pabaya, akarudi kwenye kazi yake kwa sababu risasi ya kulehemia ilikuwa ya moto na haikusubiri. Mvua ilichukua saa nzima.

Ilipokatika, Fundi aliweka chini kila kitu. Alikuja na mataulo matatu. Alimkausha nywele fungu kwa fungu, akamkausha nyuma ya masikio kwa pamba, kati ya vidole, chini ya kucha. Alimtoa hereni akazipanga juu ya gazeti, ya kulia upande wa kulia, ya kushoto upande wa kushoto. Akambeba mgongoni mpaka uani, akamketisha kwenye benchi, mahali palipobaki jua.

"Usiongee kwanza," alimwambia. "Mpaka ukauke kabisa."

Siku tatu hakwenda dukani. Asubuhi alimtoa nje, kila baada ya saa moja akamgeuza, jioni akamrudisha ndani na kumfunika kwa kitambaa chepesi akimwachia nafasi ya kupumua. Alipokuwa akimgeuza alisema naye kwa ile sauti ya chini. Sasa Mama Pasi aliyasikia maneno. Yalikuwa majina ya vipuri, moja baada ya jingine, na katikati ya majina hayo, *pole, pole, ninakuja, pole.*

Ng'ambo ya barabara pazia la Bi Maktaba lilisogea kando, likabaki limesogea. Mama Pasi aliliona. Aliuinua uso wake vizuri juani, akafunga macho, akamwacha mumewe amfute tena nyuma ya sikio ambalo lilikuwa limekwisha kukauka tangu jana.

Siku ya nne Fundi aliweka sikio kifuani kwake, akasikiliza, akaridhika.

"Umepona," alisema.

"Na bati?"

"Kesho nitapanda."

Walidhani msimu umeisha, lakini siku hiyohiyo, mchana, pazia la jikoni lilivutwa nje ya dirisha. Mama Pasi alichomoa pasi, akaukunja waya. Akachomoa televisheni, redio na friji, akaivuta mashine hatua mbili mpaka ukutani. Akafungua mlango mapema, akauegesha kwa tofali, na koti lilipopita alilifunga kifungo cha juu kilichokuwa wazi.

Ndipo akaenda jikoni kuchukua kigoda.